Nimeisikiliza tena "Bad" ya Michael Jackson mwanzo mpaka mwisho, kumbe kaka alinidanganya

MtotoWaNgamiani

Wakuu salaam.

Juzi umeme ulikatika mtaani kwetu tangu magharibi mpaka saa nne usiku. Binti yangu wa mwisho, ana miaka 11, akaanza kunichokoza: "Baba, weka basi miziki yenu ya kizee." Simu ilikuwa na chaji ya kutosha, tukatoa kispika, tukakaa barazani. Nikaweka Bad ya Michael Jackson, yote, kwa sharti moja: hakuna kuruka wimbo. Nyimbo moja moja nazisikia kila siku kwenye daladala na harusini, lakini kuisikiliza mfululizo vile sikuwahi tena tangu nikiwa na umri kama wake.

Mimi ni wa Tanga. Albamu ilitoka tarehe 31 Agosti 1987, kwetu Ngamiani ikafika mwaka uliofuata, na haikufika kama albamu. Ilifika kama kanda tupu ya TDK ya dakika 90, ambayo kaka yangu aliipeleka duka la kurekodi akaambiwa arudi baada ya siku tatu. Ikarudi imeandikwa kwa kalamu nyekundu: MAIKO JAKSON – BADI. Picha hakuna, majina ya nyimbo hakuna. Bara hatukuwa na televisheni bado, kwa hiyo sura ya Michael wa wakati ule tuliiona kwenye gazeti moja la nje lililopita mikono ya mtaa mzima mpaka likawa laini kama kitambaa. Kaka alipoliona lile koti jeusi la bizimu akatafuta koti la mtumba, akashona bizimu za mikanda mibovu ya mzee, akalivaa mchana kweupe. Jua la Tanga mnalijua. Alitoka vipele mgongoni.

Yule mwenye duka alikuwa mchumi. Nyimbo 10 za Bad zinachukua karibu dakika 44, na upande mmoja wa kanda ile ni dakika 45. Akazibana zote upande A, upande B akatujazia Les Wanyika. Kwa hiyo kichwani kwangu mpangilio ni huu: Smooth Criminal inaisha, mvumo kidogo, tak!, unageuza kanda, gitaa la Sina Makosa linaingia. Juzi Smooth Criminal imeisha, mkono wangu umeshaondoka gotini kwenda kugeuza, mara unaingia wimbo mwingine kabisa, Leave Me Alone. Nikamwambia binti, huu haumo. Akaniangalia kwa ile huruma wanayotuonea. Kumbe mwanzoni wimbo ule uliwekwa kwenye CD peke yake, wenye santuri na kanda tulipewa 10. Na CD mwaka 1988 Ngamiani nani alikuwa nayo?

Kuna mengine masikio yangu yaliyasubiri yakaja tofauti. Katikati ya Speed Demon redio yetu iliwahi kutafuna kanda. Kaka akaukata ule utepe kwa wembe, akaunga kwa selotepu, tukapoteza kama sekunde mbili. Basi hata leo nikiimba Speed Demon naruka palepale, na juzi Michael aliposema maneno yaliyokuwa yamekatwa nilishtuka kama mtu aliyeongeza ngazi gizani.

Dirty Diana ndiyo ilikuwa na kovu kubwa zaidi. Mwaka 1988 Coastal Union ilichukua ubingwa wa Tanzania, wenye umri wetu mnakumbuka mji ulivyokuwa. Mtu mmoja, ambaye sitamtaja, alirekodi matangazo ya mpira ya Radio Tanzania juu ya kanda ile, akashtuka akazima baada ya dakika moja hivi. Kwa hiyo kwetu lile gitaa linaanza kupanda, linapanda, linakaribia kupasuka, halafu unasikia "...anaambaa na mpira wingi ya kulia, anatia majalo..." na kelele za uwanja, kisha Diana anarudi wimbo ukielekea mwisho. Hili gitaa la Steve Stevens juzi ndiyo mara yangu ya kwanza kulisikia linavyomalizika. Nina miaka 46.

Sasa jambo lililonileta hapa. Wimbo wa nne, Liberian Girl. Unaanza polepole, ndege wanalia kwa mbali, halafu sauti ya mwanamke inasema maneno machache. Nikiwa mtoto nilimwambia kaka, huyu mama anasema Kiswahili. Anasema "nakupenda". Kaka akanipiga konzi. "Mshamba wewe, hicho ni Kiliberia. Msichana wa Liberia aseme Kiswahili kwa nini?" Hoja ikaniingia, nikanyamaza, na kwa kweli baada ya hapo nikawa nasikia Kiliberia. Masikio ni mtumwa wa mwenye kanda.

Juzi gizani, wimbo haujamaliza sekunde 20, binti yangu akainua kichwa: "Baba, si kasema nakupenda pia?"

Nikarudisha. Nikarudisha tena. "Nakupenda pia, nakutaka pia, mpenzi we." Wazi kabisa!

Nani mwingine alikuwa anajua na hakusema?

---

Betri_Juani

Siti ya mbele hii, sibanduki.

Mkuu umenikumbusha kuanika betri juani. Betri zikichoka Michael alikuwa anaanza kuimba kama Mbaraka Mwinshehe, mzito, anavuta. Mimi Man in the Mirror niliipenda hivyo hivyo ya betri chovu. Nilipokuja kuisikia ya umeme nikaona kijana ana haraka gani.

---

mamboleo_254

Niko Mombasa na hapa hiyo line tuliijua kitambo bana. Darasa la tano, jamaa mmoja Majengo alikuwa anawaandikia wasichana barua zinaanza na "nakupenda pia". Bado hajapendwa, yeye tayari anajibu. Mwalimu alimshika na barua tatu, zote zinafanana.

Hiyo ndio point yangu. "Pia" inajibu. Mtu akwambie anakupenda ndio useme nakupenda pia. Sasa huyu mama anajibu nani, na Michael hata hajafungua mdomo?

---

MtotoWaNgamiani

Mamboleo umegusa penyewe. Nimekaa na hilo neno siku mbili. Ukiisikiliza albamu nzima, Michael muda wote yuko nyuma ya mtu anayemponyoka. The Way You Make Me Feel anamfuata dada barabarani. Dirty Diana anakimbizwa yeye. I Just Can't Stop Loving You wanaimbiana lakini ni usiku na wasiwasi. Ni hapa tu anakubaliwa kabla hajaomba, na kakubaliwa kwa lugha yetu. Sisi tungepaswa kuwa wa kwanza duniani kulisikia hilo, mimi nikapigwa konzi.

---

BintiMalindi

Assalaam alaykum nyote. Mimi wa Unguja, na nawaomba radhi wanangu, "pia" si lazima iwe jibu. Hayo ni matumizi ya siku hizi. Kwa wazee wetu "pia" ni yote, kabisa, bila kubaki. Watu wote pia walikuja, yaani hakusalia mtu. Someni tenzi mtaikuta. Kwa maana hiyo "nakupenda pia" ni nakupenda mzima mzima. Marehemu bibi yangu angeifahamu hivyo na asingeuliza anajibiwa nani.

Na kwetu televisheni ya rangi ilikuwapo tangu miaka ya 70, msituchanganye na nyinyi wa bara mliokuwa mkisoma gazeti 😄

---

mamboleo_254

Bi mkubwa hapo umenimaliza. Lakini aliyeimba alijua hiyo pia ya tenzi kweli?

---

Kapteni_Mstaafu

Aliyesema maneno yale ni Letta Mbulu, Mwafrika Kusini wa Soweto. Aliondoka kwao miaka ya 60 wakati wa ubaguzi wa rangi, akaishi Marekani na mumewe Caiphus Semenya, na huyo mume ndiye aliyepanga kipande kile cha Kiswahili. Quincy Jones, mtayarishaji wa albamu, alikuwa akiwajua wote wawili muda mrefu, walishafanya kazi naye kwenye muziki wa tamthilia ya Roots mwaka 1977. Kwa hiyo wimbo ni wa Michael, msichana ni wa Liberia, sauti ni ya Soweto, lugha ni ya pwani yetu, na studio ni Los Angeles.

Kwa nini Kiswahili? Mimi nilikuwa baharini nikipita bandari za Marekani miaka ile. Wamarekani weusi tangu miaka ya 60 walikichukua Kiswahili kama lugha ya Afrika nzima, bila kujali babu zao walitoka upande wa magharibi. Sikukuu yao ya Kwanzaa ilianzishwa 1966 na siku zake zote saba zina majina ya Kiswahili, kuanzia umoja hadi imani. Herbie Hancock, mpiga kinanda wa jazi, alitoa albamu mwaka 1971 akaiita Mwandishi, na wanabendi wake wakajipa majina ya Kiswahili. Niliwahi kusalimiwa "habari gani" na mbeba mizigo wa bandarini Baltimore. Nikamjibu kwa furaha, nikamwaga Kiswahili changu chote. Maskini, alikuwa na maneno hayo mawili tu.

---

Fundi_Redio

Mkuu mleta uzi, swali la kiufundi. Kaka yako hakuvunja vile vijimeno viwili vya plastiki juu ya kanda? Ukivivunja kitufe cha kurekodi hakibonyei.

---

MtotoWaNgamiani

Alivivunja siku ileile ilipotoka dukani. Kuna mtu aliyeziba tundu kwa karatasi ya daftari iliyotafunwa.

---

Fundi_Redio

Sasa mkuu, umejuaje kama karatasi ilitafunwa? 🤔

---

Betri_Juani

😂😂😂 Kesi imekwisha. Mahakama isimame.

---

Shangazi_wa_Maskati

Nimecheka peke yangu jikoni. Mimi nimekulia Muscat, mama yangu mzaliwa wa Unguja, nyumbani Kiswahili kitupu. Ndugu yangu alinunua kanda halali yenye picha. Mama alikuwa anapepeta mchele, "nakupenda pia" ikapita, akatabasamu. Ilipokuja "nakutaka pia" ungo ukasimama. "Zima! Mtoto wa kike gani anasema anamtaka mwanamme mbele za watu?" Kanda ikakaa kabatini mwezi mzima, ikatolewa kwa ahadi kwamba wimbo wa nne utarukwa. Na tulikuwa tunauruka kweli, kwa kukisia, ukibonyeza mbele unatua katikati ya ule wimbo na Stevie Wonder.

Halafu mama alisema jambo jengine silisahau. "Huyu si mtu wa pwani. Kiswahili kakiazima, lakini kakivaa vizuri." Nimesoma maelezo ya Kapteni hapo juu, nikamkumbuka.

---

MtotoWaNgamiani

Shangazi shikamoo. Maneno ya mama nayachukua, nitayatumia.

Ulivyotua kwenye Just Good Friends pole sana. Hapo ndipo binti yangu alivunja sharti akaomba turuke, na nilishindwa kumtetea Michael. Yeye na Stevie Wonder kwenye wimbo mmoja, unategemea ardhi itikisike, matokeo yake unasikia vijana wawili wenye vipaji wanasubiri basi. Baadaye ndiyo nimejua ni mojawapo ya nyimbo mbili tu ambazo hakuandika mwenyewe. Ya pili ni Man in the Mirror, ya Siedah Garrett na Glen Ballard, na hiyo kinyume chake ndiyo inabeba nusu ya pili yote ya albamu. Pale kwaya inapoingia baada ya lile neno lake moja la kubadilika, binti alikaa wima. Hakusema kitu, ila niliona.

---

mamboleo_254

Na kuna mabishano mengine hamjayaona. Ukitafuta hayo maneno mtandaoni wameandika "mpenziwe", neno moja. Hiyo ni mpenzi wake. Sasa ni mpenzi wa nani tena huyo?

---

BintiMalindi

Ni "mpenzi we", anaitwa. Sikiliza sauti inavyoshuka pale mwisho. Ukimwita mtu wa mbali unapandisha, wa karibu unashusha.

---

Mzee_wa_Pugu_Road

Mimi Michael nilimwona. Februari 1992 alipokuja Dar. Siku hizo mimi ni kijana, Nyerere Road bado tunaiita Pugu Road. Tumesimama juani tangu asubuhi, gari zikapita kasi, nikaona kofia nyeusi na mkono umenyanyuliwa. Sekunde tatu. Alionana na Rais Mwinyi, akatembelea watoto, akaondoka. Hakuimba hata mstari mmoja. Ile ziara yake ya Bad ilikuwa na maonyesho 123 kuanzia Tokyo 1987 mpaka Los Angeles Januari 1989, na Afrika hakukanyaga jukwaani hata mara moja.

Watu kando ya barabara walikuwa wanapiga kelele "Ani! Ani ayu oke!" ya Smooth Criminal, kwa sababu ndiyo tuliyojua. Jamaa jirani yangu alikuwa na uhakika kwamba Ani ni mke wa Michael.

---

Kapteni_Mstaafu

Ani ni mdoli wa mafunzo ya huduma ya kwanza, Mzee. Wanafunzi wanafundishwa kumtikisa begani na kumuuliza "Annie, uko salama?" kabla ya kuanza kumpulizia pumzi. Mabaharia wote tuliofanya kozi tumeshambusu huyo Ani.

---

Mzee_wa_Pugu_Road

Miaka yote hii namhurumia mdoli.

---

Mchokonozi

Naona mnafurahi sana. Hamwoni aibu kumsikiliza baada ya zile tuhuma za kudhalilisha watoto kingono?

---

MtotoWaNgamiani

Swali ni halali, na nilijua litakuja. Mahakama ilimwachia huru mwaka 2005. Mwaka 2019 wanaume wawili walieleza yao kwenye filamu, nami niliitazama mpaka mwisho, na sikusikiliza wimbo wake wowote karibu mwaka mzima. Sikurudi kwa sababu nimepata jibu. Kanda ile ina kaka yangu ndani yake, ina mzee wangu anayetafuta mikanda yake, ina Coastal. Nikiitupa natupa na hao. Ila sikumwambia binti kwamba huyu alikuwa malaika, na akifika umri wa kuuliza nitamweleza kama ninavyokueleza wewe.

---

Mchokonozi

Sawa. Nilitaka tu kusikia.

---

Betri_Juani

Turudi kwenye kesi ya msingi. Kaka yuko hai? Ameambiwa?

---

MtotoWaNgamiani

Yuko hai, yuko Mwanza, mstaafu mtarajiwa mwenye kitambi. Jana usiku nilikata kile kipande cha mwanzo nikamtumia WhatsApp, nikaandika: "Kaka, sikiliza kwa makini hiki Kiliberia."

Hakujibu mpaka asubuhi. Leo saa kumi na mbili na nusu nikakuta sauti ya dakika mbili. Dakika ya kwanza yote anacheka, anakohoa, anacheka tena. Halafu anasema alijua. Alisikia "nakupenda" siku ileile aliyoleta kanda, usiku, peke yake, redio ameiweka chini ya shuka. Alikuwa amepanga kumwekea binti mmoja wa Chumbageni na kumwambia kwamba ameomba hayo maneno yasemwe kwa ajili yake. Asingeweza kufanya hivyo kama mdogo wake anazunguka mtaa mzima akitangaza kwamba kanda inasema Kiswahili. Ndiyo maana ya konzi.

---

BintiMalindi

Na huyo binti je?

---

MtotoWaNgamiani

Ndiye shemeji yangu, dada. Wana watoto wanne.

---

mamboleo_254

Nimesimama nikapiga makofi hapa kwa stage, watu wananiangalia.

---

Fundi_Redio

Na kuhusu mpira juu ya Dirty Diana hakusema kitu?

---

MtotoWaNgamiani

Alisema. Sekunde kumi za mwisho hacheki tena. "Nimekwambia yangu. Sasa na wewe niambie, nani alirekodi ule mpira? Maana nilimchapa binamu yetu kwa kosa lile, na kesho anakuja kwangu."

Sijamjibu. Tiki zimeshakuwa za bluu.